Dawa ya Kulwa, Dawa ya Doto: Namna Programu Inavyopokea Fomu Yenye Matabaka

Tuchukue mfano wa mama anayejifungua pacha usiku katika wodi ya wazazi mkoani Tabora. Mama huyu anaishi na maambukizi ya VVU, hivyo watoto wake wanatakiwa kuanza mapema dawa ya kinga ya nevirapini. Wa kwanza, ambaye kwa desturi ya Wanyamwezi na Wasukuma ataitwa Kulwa, ana uzito wa gramu 2,300. Wa pili, Doto, ana gramu 2,600. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unampa mtoto mwenye gramu 2,000 hadi 2,499 miligramu 10 kwa siku, na mwenye gramu 2,500 au zaidi miligramu 15. Kulwa alichelewa kulia na bado anasaidiwa kupumua. Doto amekwisha kupewa dawa yake. Mkunga anajaza fomu kwenye kompyuta: uzito wa kila mtoto, kisha anaweka alama ya vema kwenye kisanduku cha "amepewa nevirapini" kwa Doto peke yake. Anabonyeza kitufe cha kuhifadhi na kurudi kwa Kulwa.

Asubuhi muuguzi wa zamu mpya anafungua kumbukumbu. Kioo kinamwambia kwamba Kulwa amepewa dawa na Doto hajapewa. Akikiamini kioo, Doto atapata dozi ya pili ndani ya saa chache, na Kulwa hatapata kitu.

Mkunga hakukosea hata herufi moja, na kompyuta haikuharibika. Kosa limo katika namna programu ilivyoipokea fomu. Kosa hili ni la kawaida kiasi kwamba kila anayetumia mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa anafaa kulielewa, ijapokuwa hatawahi kuandika programu maishani mwake.

Fomu inayojazwa kwenye ukurasa wa mtandao husafiri kutoka kwenye kivinjari hadi kwenye seva. Huko hupokewa na sehemu ya programu iitwayo kidhibiti, ambayo kazi yake ni kuifungua, kuihakiki na kuikabidhi kwa hifadhidata. Lakini fomu haisafiri kama picha ya ukurasa. Husafiri kama mfuatano wa jozi: jina la uga na thamani yake, jina na thamani, hadi mwisho. Ikiwa mtengenezaji ameipa kila nafasi ya uzito jina "uzito" na kila kisanduku cha dawa jina "nevirapini", kidhibiti kitapokea orodha mbili. Orodha ya uzito itakuwa na thamani mbili, 2300 na 2600. Orodha ya nevirapini itakuwa na thamani moja tu, kwa sababu kivinjari hakitumi kabisa kisanduku ambacho hakikuwekewa alama. Kidhibiti kikianza kulinganisha orodha hizo kwa nafasi, ya kwanza kwa ya kwanza, alama ya Doto inaangukia kwa Kulwa. Taarifa zote zimefika, isipokuwa moja: kila jambo ni la nani.

Tabora ilikuwa na somo la jambo hili zamani kabla ya umeme. Katika njia ya misafara kutoka Bagamoyo kupitia Unyanyembe hadi Ujiji, mpagazi alibeba mzigo wa takribani frasila mbili, yaani zaidi ya kilo 30. Jacob Wainwright, Myao aliyesomeshwa Nasik huko India, alijiunga na msafara wa David Livingstone hapo hapo Tabora mwaka 1872. Livingstone alipofariki Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, ndani ya Zambia ya leo, Wainwright ndiye aliyeandika orodha ya vitu vya marehemu kabla ya safari ndefu ya kurudi pwani. Hakumwaga vitu chini na kuvihesabu kwa jumla. Aliandika sanduku kwa sanduku: hili lina fedha kidogo, jingine lina kofia, saa na visanduku viwili vidogo, na ndani ya kila kisanduku mna chombo kimoja cha kupimia. Sanduku, kisanduku ndani yake, chombo ndani ya kisanduku. Orodha ya namna hiyo inaonyesha kilichopo, na pia inaonyesha kimo ndani ya nini.

Fomu yenye matabaka hufanya vivyo hivyo. Majina ya nyuga hubeba njia nzima, kwa mfano:

mama[ujauzito][watoto][0][uzito]
mama[ujauzito][watoto][1][nevirapini]

Kidhibiti kikikuta majina haya hujenga upya mti: mama mmoja, ndani yake ujauzito, ndani ya ujauzito watoto wawili, na kila mtoto na mambo yake. Tabaka la ujauzito si pambo. Mtoto azaliwaye baada ya pacha huitwa Shija, naye ni wa mama yule yule lakini wa ujauzito mwingine, pengine mama akiwa na hali nyingine ya kiafya na akitumia dawa nyingine. Mfumo unaomfunga mtoto kwa mama moja kwa moja, pasipo ujauzito katikati, utamweka Shija pamoja na pacha kana kwamba ni watatu wa tumbo moja. Lugha ya majina imelitunza tofauti hilo kwa karne nyingi. Hifadhidata haina udhuru.

Hata hivyo, kuweka matabaka peke yake hakutoshi. Kisanduku kisichowekewa alama bado hakitumwi, na ukimya wake una maana tatu: dawa haikutolewa, haikuhitajika, au hakuna aliyeuliza. Kwa mtaalamu wa afya hayo ni mambo matatu tofauti kabisa. Dawa ya tatizo hili ni kuacha kisanduku cha alama na kuweka chaguo la wazi: ndiyo, hapana, haijajulikana. Mkunga ataongeza mguso mmoja wa kidole, na gharama hiyo ni halali.

Namba 0 na 1 ndani ya majina zina hatari yake pia. Zinataja nafasi kwenye ukurasa, hazimtaji mtoto. Siku ya pili fomu ikifunguliwa ili kusahihishwa, na safari hii Doto akaonyeshwa juu, 0 inakuwa Doto. Kwa hiyo kila mtoto anahitaji kitambulisho cha kudumu kinachosafiri naye ndani ya fomu. Nacho kidhibiti, kila kinapopokea kitambulisho hicho, sharti kithibitishe kwamba mtoto huyo kweli ni wa mama huyu. Kikikosa kuthibitisha, kitambulisho kilichokosewa kinaweza kubadilisha kumbukumbu za mtoto wa mama mwingine kabisa. Na pale ambapo kitambulisho hakikutumwa, mfumo hudhani ni mtoto mpya. Mtandao unapokuwa dhaifu, fomu ikabonyezwa mara mbili, mama wa pacha huonekana ana watoto wanne. DHIS2, mfumo ulioendelezwa na Chuo Kikuu cha Oslo na unaotumika Tanzania kwa takwimu za afya, unaruhusu kitambulisho chenye herufi na tarakimu 11 kitengenezwe upande wa mtumaji kabla taarifa hazijaondoka, hivyo ujumbe uliorudiwa unaweza kutambulika kuwa ni ule ule.

Kisha lipo suala la ruhusa. Kidhibiti hakipaswi kupokea kila kilichomo ndani ya mti. Kinapaswa kuwa na orodha ya nyuga zinazoruhusiwa katika kila tabaka. Machi 2012 mtumiaji mmoja wa GitHub aliongeza kwenye fomu uga ambao haukukusudiwa, akafanikiwa kujiingiza kwenye mradi wa Rails, ambao ndio uliotoa zana zilizojengea GitHub yenyewe. Toleo la nne la Rails, lililotoka mwaka 2013, lililazimisha orodha ya ruhusa. Lakini ulinzi huo una upande wake wa pili, ambao katika hospitali ndio unaouma zaidi. Uga usio kwenye orodha, kwa kawaida, hudondoshwa kimyakimya. Mtengenezaji akiongeza "mzingo wa kichwa" kwenye ukurasa na kusahau kuuongeza kwenye orodha ya tabaka la watoto, muuguzi atapima, ataandika, atahifadhi, na ataambiwa "imehifadhiwa". Miezi sita baadaye daktari anayetafuta dalili za kichwa kujaa maji hatakuta hata kipimo kimoja.

Je, ikiwa taarifa za Kulwa ni sahihi na za Doto zina kosa, mfumo uhifadhi nusu? DHIS2 huacha uamuzi huo kwa mtumaji: yote au hakuna, ambalo ndilo chaguo lake la msingi, ama kukataa chenye kosa na kupokea kilichobaki. Kwa takwimu za mwezi chaguo la pili linavumilika. Kwa uzazi wa pacha, halivumiliki: kumbukumbu yenye mtoto mmoja haionekani kama kumbukumbu pungufu, inaonekana kama uzazi wa mtoto mmoja. Hapo kidhibiti kikatae vyote, lakini kirudishe fomu ikiwa na kila kilichoandikwa, na onyo likae kwenye uga wenye kosa kwa mtoto mwenye kosa. Kumrudishia mkunga ukurasa mtupu saa tisa usiku ni kumfundisha kurudi kwenye daftari.

Uhakiki wenyewe unahitaji mtu anayeijua wodi. Mhandisi mwenye nia njema anaweza kuandika kanuni kwamba saa ya mtoto kuzaliwa isitangulie saa ya mama kupokelewa. Inasikika ni busara. Lakini vijiji vya Sikonge, Urambo na Kaliua viko mbali, na wapo akina mama wanaojifungua njiani wakielekea kituoni. Kanuni ile itamlazimisha mkunga kuandika saa ya uongo ili fomu ikubali, na mtoto aliyezaliwa porini ataonekana amezaliwa wodini, mbele ya mhudumu.

Hospitali inayokaribia kupokea mfumo mpya inaweza kuyapima mengi ya haya kwa nusu saa, kabla ya mgonjwa wa kwanza kuandikishwa. Aandikwe mama wa majaribio mwenye pacha, uzito tofauti, na dawa kwa wa pili peke yake. Ihifadhiwe, ifunguliwe tena, na isomwe kioo kwa sauti. Kisha mtandao uzimwe katikati ya kuhifadhi, uwashwe, fomu itumwe tena, na watoto wahesabiwe.