Leonora Barry: Alianza na senti 11, akaishia kukagua viwanda

Siku ya kwanza kazini, Leonora Barry alilipwa senti 11. Wiki ilipoisha, doo zote zilikuwa senti 65. Na nyumbani watoto walisubiri chakula.

Barry alizaliwa Cork, Ireland, mwaka wa 1849, na wazazi wake wakahamia Marekani akiwa mdogo. Aliwahi kuwa mwalimu kabla ya kuolewa. Mumewe alipofariki, msoto ulimsukuma hadi kiwanda cha soksi mjini Amsterdam, jimbo la New York.

Mwaka wa 1884 alijiunga na chama cha wafanyakazi cha Knights of Labor. Miaka miwili baadaye, chama kilimtuma kuchunguza hali ya wanawake viwandani kote nchini. Mabosi wengi hawakutaka kumwona. Kuna mfanyakazi aliyemtembeza kiwandani, akamwaga unga.

Barry hakukoma. Aliandika mishahara, saa za kazi na faini walizokatwa wanawake. Ripoti hizo zilichangia Pennsylvania kupitisha sheria ya ukaguzi wa viwanda mwaka wa 1889.

Kijana unayefanya kibarua, nawe anza leo: andika saa zako na malipo yako. Siku ya kudai haki, utakuwa na cha kuonyesha.