Kifua Kinauzwa, Rangi Haiuzwi

Kazi yangu ni kubandika majina na namba kwenye jezi, hapa Kariakoo. Mteja analeta uzi wake mpya, ananitajia jina analolitaka mgongoni, la mchezaji, lake mwenyewe au la marehemu baba yake, nami nalipanga herufi moja moja kabla ya kushusha mashine ya moto. Mimi ni Simba wa kurithi, na jezi nyekundu ndiyo inayopita mikononi mwangu kuliko nyingine yoyote. Ina historia ndefu kuliko wanavyodhani vijana wengi wanaoivaa.

Klabu ilianzishwa mwaka 1936, mwaka mmoja baada ya Yanga, lakini haikuanza na jina la Simba. Ilipitia majina mengine, Queens likiwa mojawapo, hadi ikajulikana kama Sunderland. Sunderland yenyewe, ile ya Uingereza, ilikuwa timu ya kuogopwa enzi hizo. Ilitwaa ubingwa wa ligi mwaka huohuo wa 1936 na Kombe la FA mwaka uliofuata, ikiwa na mistari myekundu na myeupe kifuani, vazi ililolianza mwaka 1887.

Mwaka 1971, katika kuachana na majina ya kigeni, Sunderland ya Dar es Salaam ikawa Simba. Jina likaondoka, wekundu ukabaki. Julai 19, 1977, Simba ilipoifunga Yanga 6-0 na Abdallah Kibadeni akapachika mabao matatu, klabu ilikuwa na jina jipya, lakini shabiki aliyezoea kuishangilia Sunderland hakuhitaji kuuliza timu yake ni ipi.

Zamani shabiki kuwa na jezi halikuwa jambo rahisi kama leo. Mjomba wangu bado anayo ile aliyoivaa uwanjani Novemba 1993, siku ya marudiano ya fainali ya Kombe la CAF dhidi ya Stella ya Abidjan. Haikutoka dukani. Alinunua fulana nyekundu, akampelekea fundi cherehani mtaani kwao, akawekewa ukosi mweupe na namba 10 iliyokatwa kwenye kitambaa cha shati. Ukiigeuza ndani unaona fundi alivyorudia mshono mara mbili kwenye kona za namba ili isibanduke. Siku ile Simba ilifungwa 2-0 nyumbani, watu wakatoka wanalia. Jezi mjomba hakuitupa.

Baadaye pesa ikaingia, na kifua cha jezi kikawa na bei. Bia ya Kilimanjaro iliwahi kukaa vifuani mwa Simba na Yanga kwa wakati mmoja. Mwaka 2017 SportPesa nayo ikazidhamini zote mbili. Hebu fikiria: watani wa jadi wanaingia uwanjani na neno lilelile kifuani, na hakuna mtoto hata mmoja jukwaani anayechanganya nani ni nani. Mwaka 2022 Simba ikatangaza mkataba na M-Bet wa zaidi ya shilingi bilioni 26 kwa miaka 5.

Ila jezi niliyoipenda kuliko zote ni ile ya michuano ya Afrika ya mwaka 2021, iliyoandikwa "Visit Tanzania" kifuani. Luis Miquissone alipowafunga Al Ahly bao pekee hapa Dar es Salaam, Februari ile, jina la nchi yetu lilikuwa kifuani mwake. Wiki zile hata watu wasio Simba walinijia na jezi hiyo.

Watani wetu Yanga nao hawauzi rangi yao, na kwa hili nawaheshimu. Vodacom ilipokuwa mdhamini wa ligi, Yanga walikataa kuvaa nembo yake nyekundu, wakavaa nyeusi. Wapo waliowaona wakorofi. Mimi niliwaelewa, maana mteja wa Yanga nikimfungashia jezi kwenye mfuko mwekundu ananirudishia hapohapo, na wa Simba naye hagusi wa kijani.

Adui wa kweli wa jezi hizi ni feki. Kwa macho unaweza kudanganyika, lakini mashine ya moto haidanganyiki. Kitambaa duni kikipata joto kinajikunja na kuacha alama inayong'aa kuzunguka namba. Mteja ananilaumu mimi, kumbe aliuziwa feki na mtu mwingine, na klabu yake haikuambulia hata senti. Anayeipenda timu ajibane, anunue halali, hata kama ni moja kwa misimu miwili.

Kila mwaka tunaletewa uzi mpya. Wabunifu wachezee ukosi, mikono na michirizi wanavyotaka, na wadhamini waje na kuondoka. Wekundu na weupe ni mali ya watu waliozipokea rangi hizo kwa wazazi wao, na hakuna mkataba unaoweza kuzinunua. Ningependa kila klabu iweke kando jezi moja ya kila msimu na kuzitafuta za zamani zilizomo kwenye masanduku ya wazee wetu, ili mtoto wa kesho azione kwa macho yake. Nawe uliye nayo nyumbani, hata kama imechuja na kutoboka, usiifanye dekio.