Mtoto Anayechagua Chakula

Watoto wengi hupitia kipindi cha kukataa vyakula kati ya umri wa miaka 2 na 6. Katika mwaka wa kwanza mtoto hukua kwa kasi hata uzito aliozaliwa nao huongezeka mara tatu. Akivuka hapo kasi hupungua, kwa kawaida akiongeza kilo 2 hadi 3 tu kwa mwaka, na hamu ya kula hushuka pia. Huu ndio umri ambao mtoto huogopa kutia kinywani asichokijua. Akiwa mchangamfu, na mstari wa uzito kwenye kadi ya kliniki ukiendelea kupanda, hiyo ni hatua ya ukuaji na huisha polepole.

Yapo mazoea ya nyumbani yanayozidisha tatizo. Biskuti, soda au juisi kabla ya mlo huua njaa. Maziwa ya ng'ombe yakizidi nusu lita kwa siku humshibisha mtoto na kumkosesha nafasi ya vyakula vyenye madini ya chuma, na chai inayonywewa pamoja na mlo huzuia mwili kufyonza madini hayo. Upungufu wa damu unaofuata hupunguza hamu ya kula zaidi.

Kumlisha mtoto kwa nguvu, kwa kumziba pua au kumtishia fimbo, ni hatari. Chakula kinaweza kuingia kwenye njia ya hewa, na hata kisipoingia, mtoto hujifunza kuogopa kijiko na anayekishika.

Kwa watoto wenye matatizo ya ukuaji wa ubongo na neva, kukataa chakula huwa na sababu nzito zaidi. Matatizo ya ulaji kwa watoto wenye usonji yamekadiriwa kuwa takriban mara tano ya yale ya watoto wengine. Hisia zao hupokea mambo kwa ukali: harufu ya dagaa, utelezi wa bamia au mlenda, au maharage yaliyogusana na wali vinaweza kumtia mtoto kichefuchefu cha kweli. Wengine hukubali sahani ileile na biskuti za pakiti ileile tu. Huo si ukaidi. Wapo waliopata hata kiseyeye kwa kukosa vitamini C. Kwao kauli ya "akishikwa na njaa atakula" haifai, maana baadhi yao hukaa na njaa mpaka wakaugua.

Mtoto mwenye tatizo la umakini na utundu uliokithiri hushindwa kutulia mezani, na dawa ya methylphenidate ikitumika huweza kumpunguzia hamu ya kula mchana. Humfaa kupata kifungua kinywa kabla ya dawa na chakula cha kutosha jioni. Mwenye Down syndrome huweza kuchelewa kutafuna kwa sababu misuli ya kinywa imelegea, na mwenye mtindio wa ubongo huweza kushindwa kumeza kwa usalama.

Msaada huanza na mgawanyo wa majukumu uliofafanuliwa na mtaalamu wa lishe wa Marekani, Ellyn Satter: mzazi huamua chakula gani, wakati gani na mahali gani, mtoto huamua kama atakula na kwa kiasi gani. Milo na vitafunio vipangwe kila baada ya saa mbili na nusu au tatu, katikati yakiwapo maji tu. Mlo usizidi dakika 30, kisha vyombo viondolewe bila ugomvi.

Kila mlo uwe na angalau kitu kimoja anachokikubali, na kando yake kiasi kidogo sana cha kitu kipya. Chakula kipya huenda kikahitaji kuonekana mara 10 au 15 kabla ya kuliwa. Kukitazama, kukishika, kukinusa na kukilamba ni hatua za kweli. Kukanda tonge la ugali au kuchambua mchicha pamoja na mama ni mazoezi mazuri. Mabadiliko yaende hatua kwa hatua: anayekula chipsi tu apewe viazi vya kukaanga vilivyokatwa vinene, kisha viazi vitamu vya kukaanga, hatimaye vya kuchemsha. Mboga isifichwe ndani ya chakula anachokipenda, kwa kuwa akigundua huenda akakikataa chote.

Mwenye usonji hunufaika akiwa na sahani yake, mchuzi ukiwekwa pembeni, mahali penye kelele chache na saa zisizobadilika. Picha za ratiba humsaidia kujua kinachofuata. Mtoto yeyote akae wima, nyayo zikanyage kitu imara, kwa sababu mwili usiotulia haumezi vizuri. Pipi isiwe malipo ya kula mboga, maana humfundisha kuwa mboga ni adhabu.

Mtoto apelekwe kliniki akipungua uzito, akikohoa au kupaliwa mara kwa mara anapokula, akitapika, akila udongo, au idadi ya vyakula anavyokubali ikizidi kupungua. Daktari huangalia meno, vidonda vya kinywani, choo kigumu na wingi wa damu, kisha huweza kumwelekeza kwa afisa lishe, mtaalamu wa tiba kazi au wa tiba ya usemi, ambaye hushughulikia pia kumeza. Mzazi asingoje mtoto adhoofike. Sababu ikijulikana mapema, mtoto husaidika kwa urahisi zaidi.