Mtoto Aliyechukuliwa Jina na Baba Yake

Kama una watoto nyumbani, hapana shaka umemwona yule dubu mnene wa rangi ya manjano apendaye asali, Winnie-the-Pooh, kwenye runinga au kwenye mkoba wa shule. Rafiki yake ni mvulana aitwaye Christopher Robin. Je, wajua kwamba mvulana huyo alikuwa mtoto wa watu, na kwamba jina hilo lilimtesa kwa miaka mingi?

Alizaliwa London Agosti 1920, mwana wa pekee wa mwandishi A. A. Milne na mkewe Daphne. Alipotimiza mwaka mmoja alipewa dubu wa kuchezea, aliyenunuliwa katika duka la Harrods. Punda, nguruwe mdogo na kangaruu wa hadithini pia walikuwa vitu vyake vya kuchezea. Msitu nao upo hadi leo: ni Ashdown, karibu na nyumba ya shamba aliyoinunua Milne mwaka wa 1925.

Ajabu ni kwamba nyumbani hakuna aliyemwita Christopher Robin! Walimwita Billy, ama Moon, kwani ndivyo alivyotamka "Milne" ulimi wake ulipokuwa bado mzito. Majina yake rasmi yalikaa bure mpaka baba alipoyatia vitabuni, na kitabu cha Pooh kilipotoka mwaka wa 1926, dunia nzima ikayajua.

Wala usidhani baba alishinda akicheza naye. Aliyeshinda naye ni yaya, tangu angali mchanga hadi alipokuwa na miaka tisa. Hapo mtoto akapelekwa shule ya bweni, yaya akaenda zake kuolewa.

Shuleni ndiko kulikokuwa na kilio. Wenzake walikuwa na santuri ya mashairi ya baba yake yanayomtaja, wakawa wakiipiga tena na tena ili kumcheka. Walipochoka wakampa. Akaivunja vipande vipande, akavitawanya shambani.

Alipigana vitani, akajeruhiwa Italia. Aliporudi akatafuta kazi, asiipate ya kumfaa. Ndipo uchungu ukamjaa: aliona baba amejipatia utajiri kwa utoto wake, naye ameachiwa umaarufu mtupu. Mimi simwiti Milne baba mbaya. Aliandika kwa mapenzi. Lakini hakumwuliza mwanawe, na sisi tunaoweka picha za watoto wetu mtandaoni, nani kati yetu huwauliza?

Mwaka wa 1948 Christopher alioa, na mwaka wa 1951 akafungua na mkewe duka la vitabu mjini Dartmouth. Hebu fikiria! Duka la vitabu, mahali ambapo kila mteja angeweza kumwuliza habari za yule dubu. Binti yao wa pekee alizaliwa mwaka wa 1956 akiwa mlemavu, na kwa ajili yake baba huyu alikubali kupokea fedha za vitabu alivyokuwa akivikwepa.

Mwaka wa 1974 alitoa kitabu chake mwenyewe kuhusu utoto wake, na kukiandika, alisema, kulimpunguzia mzigo. Miaka mitano baadaye daraja la mbao la msituni, walipokuwa wakitupa vijiti mtoni kuona kipi kitatangulia, lilijengwa upya. Aliyekuja kulifungua ni yeye, mzee wa miaka 58. Alifariki mwaka wa 1996.