Kabla Ugonjwa Haujajulikana

Januari 1980, Mfaransa mmoja aliyefanya kazi katika kiwanda cha sukari cha Nzoia, Bungoma, alifikishwa hospitalini Nairobi akiwa mahututi. Muda mfupi kabla ya hapo alikuwa amezuru pango la Kitum katika Mlima Elgon, upande wa Kitale, ambamo ndovu huingia usiku kukwangua chumvi ukutani. Saa chache baada ya kufikishwa hospitalini akafa. Daktari aliyehangaika kumwokoa, Shem Musoke, aliugua siku tisa baadaye, na damu yake ndiyo iliyofichua kwamba walikabiliana na virusi vya Marburg. Alipona. Hadi leo aina moja ya virusi hivyo huitwa Musoke katika maabara za dunia, heshima ambayo sidhani kuna daktari anayeitamani.

Musoke alipomshika mgonjwa, hakuna aliyekuwa ametaja Marburg. Hivyo ndivyo kazi ya daktari ilivyo: mikono hutangulia, majibu ya maabara hufuata.

Madaktari wanagenzi wanaopitia hospitali za rufaa za Kitale na Bungoma huzungushwa mwaka mzima katika upasuaji, wodi za watu wazima, watoto na uzazi. Ebola na Marburg huwatisha, na si bure. Mwaka 2017 Marburg iliua watu Kween, upande wa Uganda wa mlima huohuo. Januari 2025 muuguzi wa hospitali ya Mulago, Kampala, alikufa kwa Ebola ya aina ya Sudan baada ya kutafuta matibabu hata Mbale, mji ulio karibu na mpaka wa Bungoma. Lakini kinachowapata wengi ni kitu kidogo zaidi.

Ni saa tisa usiku. Mwanagenzi ametoka kutoa damu, mgonjwa anagaagaa, kile kisanduku cha manjano cha kutupia sindano kiko mwisho wa wodi, tena kimefurika. Anaamua kuirudishia sindano kifuniko chake. Mkono unateleza, glavu inatoboka.

Kwanza atawaza Ukimwi. Hesabu zinasema vingine. Sindano yenye damu ya mwenye VVU huambukiza takriban mara 3 katika 1,000. Ya mwenye homa ya ini aina ya B, kwa asiyechanjwa, huweza kuambukiza kati ya mara 60 na 300 katika hizo 1,000. Virusi hivyo hujaa tele katika damu, na hudumu hai siku 7 au zaidi juu ya meza iliyokauka. Chanjo ipo, dozi tatu kwa miezi sita, na kumpeleka mtu wodini kabla hajaanza kuchanjwa ni uzembe wa aliyempeleka.

Kidonda huoshwa kwa sabuni na maji yanayotiririka. Hakikamuliwi, wala hakimwagiwi jiki, maana jiki huunguza nyama bila kinga yoyote iliyothibitishwa. Kisha dawa za kuzuia VVU: mapema iwezekanavyo, kabla ya saa 72 kupita, na kumezwa siku 28. Huvizuia virusi kujinakili kabla havijaota mizizi mwilini. Ningekuwa mkufunzi, swali langu la kwanza lingekuwa: usiku, funguo za kabati la dawa hizo anazo nani?

Kifua kikuu hakingoji sindano. Kitale iko mita 1,900 hivi juu ya bahari, na baridi ya usiku huwafanya wagonjwa wafunge madirisha. Hapo vijidudu vilivyokoholewa huelea hewani kwa saa nyingi. Barakoa ya N95 husaidia ikiwa imebana uso sawasawa. Ndevu nyingi huiharibia kazi.

Wengi waliochomwa hunyamaza kwa aibu, au kwa kuhofia kipimo. Sheria ya fidia ya wafanyakazi ya 2007 inayatambua magonjwa yatokanayo na kazi, ila asiyeandikisha tukio wala kupimwa siku hiyohiyo hatakuwa na njia ya kuonyesha kwamba aliingia wodini akiwa mzima.