Kwa nini mwanafunzi wa Jinja au Mbale aifikirie Cuba

Mwanafunzi wa Jinja au Mbale anayetaka kusomea udaktari ng'ambo ana sababu ya kuitazama Cuba, kisiwa cha bahari ya Karibiani. Chuo cha tiba cha ELAM kilifunguliwa jijini Havana mwaka 1999, baada ya kimbunga Mitch kuiharibu Amerika ya Kati, ili kufunza vijana wa jamii maskini kutoka nchi za nje. Mwaka 2018 Kenya ilipeleka Cuba madaktari 50 kusomea tiba ya familia.

Tiba hiyo humweka daktari karibu na makazi ya watu na kutilia mkazo kinga. Ujuzi huo unafaa vijiji vya miteremko ya Mlima Elgon, vilivyo mbali na hospitali ya rufaa ya Mbale.

Hata hivyo, masomo ni kwa Kihispania na huchukua takriban miaka sita. Aidha, mhitimu haruhusiwi kutibu Uganda kabla ya kusajiliwa na baraza la madaktari. Kabla ya kulipa nauli, mzazi na mwanafunzi waulize baraza hilo kama shahada itatambuliwa, na wahakikishe kwa maandishi ufadhili unagharimia nini.