Padi Kuukuu Kwenye Kompyuta Mpya

Katika Kibera na Kawangware, mitaa ya Nairobi yenye vijana wengi, vibanda vya gemu ambamo mchezaji hulipia muda na kupewa kidhibiti cha mkononi, yaani padi, vimekuwa sehemu ya maisha ya mtaa kwa miaka mingi. Mashine kama PlayStation 2, iliyoanza kuuzwa mwaka wa 2000 na kupita milioni 150 kwa mauzo ya dunia nzima, zimezeeka, lakini padi zake nyingi bado ni nzima, ila hazina pa kuchomekwa kwa sababu kompyuta haina tundu la aina yake. Padi hizo zinaweza kutumika tena kwa gharama ndogo, na anayezigeuza hujipatia, pamoja na kifaa cha kuchezea, msingi imara wa elimu ya elektroniki.

Kazi hiyo huanza kwa kuelewa jinsi padi inavyopeleka habari. Katika padi nyingi, chini ya kila kitufe mna kipande cha mpira chenye kaboni ambacho, kikibonyezwa, huunganisha njia mbili za bodi ya saketi na kuruhusu umeme upite. Kidhibiti cha Atari 2600, mashine iliyotoka Marekani mwaka wa 1977, kilikuwa na waya mmoja kwa kila swichi, kwa hiyo kukigeuza si kazi ngumu. Famicom ya Nintendo, iliyotolewa Japani mwaka wa 1983 na kuigwa na viwanda vya Asia vilivyoeneza nakala za bei nafuu hadi Afrika, ilipitisha habari za vitufe vinane katika nyaya tano tu. Waya mmoja huleta umeme, wa pili huurudisha, wa tatu huiamuru chipu ya padi ihifadhi hali ya vitufe vyote kwa mara moja, wa nne hubeba mapigo ya saa, na wa tano hutoa hali ya kitufe kimoja kwa kila pigo, kama abiria wanaoshuka matatu kwa mlango mmoja, kila mmoja kwa zamu yake.

Padi ya PlayStation ilipiga hatua zaidi, kwa kuwa mashine hutuma amri, nayo padi hujibu kwa kutaja aina yake, kisha hutoa hali ya vitufe na, katika zile zenye vijiti viwili vya kusukumwa kwa kidole gumba, mkao wa vijiti hivyo. Mawasiliano hayo hufanyika kwa umeme wa takriban volti 3.3, ilhali waya mwingine hubeba zaidi ya volti 7 kwa ajili ya mota zinazoitikisa padi, na fundi anayechanganya nyaya hizo anaweza kuiunguza chipu papo hapo.

Kompyuta ya leo hufuata USB, kiwango cha kuunganisha vifaa kilichotolewa mwaka wa 1996, hivyo panahitajika bodi ndogo ya kati yenye chipu inayopangwa kwa programu. Bodi za Arduino Leonardo na Raspberry Pi Pico, ambayo ilianza kuuzwa mwaka wa 2021 kwa dola 4 za Marekani, zinafaa kwa sababu chipu zake huwasiliana kwa USB moja kwa moja, uwezo ambao chipu kuu ya matoleo ya awali ya bodi ya Arduino Uno haina. Pico hutumia volti 3.3, sawa na padi ya PlayStation, ilhali Leonardo hutumia volti 5 na huhitaji saketi ya kuzipunguza. Programu husoma padi, hupanga majibu yake, kisha hujitambulisha kwa kompyuta kuwa ni kidhibiti cha kawaida cha gemu. Usomaji huo unaweza kurudiwa hadi mara 1,000 kwa sekunde, na kwa kuwa gemu nyingi huchora picha 60 tu kwa muda huo, mchezaji hahisi kuchelewa.

Asiyetaka zaidi ya kucheza anaweza kununua adapta iliyo tayari. Anayetaka kujifunza ataifungua padi, aisafishe kaboni kwa spiriti, kisha aupime kila waya kwa multimita kabla ya kulehemu, kwa kuwa katika padi za kuigwa rangi za nyaya haziaminiki hata kidogo.

Ujuzi huo unastahili kuthaminiwa katika mitaa ambayo tayari ina mafundi wa redio na simu, na ambako taasisi kama Tunapanda ya Kibera huwafundisha vijana teknolojia. Mwaka wa 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za kielektroniki, na chini ya robo yake ndiyo iliyothibitishwa kukusanywa na kuchakatwa ipasavyo. Kila padi inayofufuliwa huipunguzia jaa mzigo. Faida kubwa zaidi, hata hivyo, ni kwamba kupeleka habari biti moja baada ya nyingine kwa mapigo ya saa ndiyo kanuni ya kadi za kumbukumbu na ya vihisi vingi vya kupimia joto na unyevu. Kijana aliyeielewa kupitia padi ameshafungua mlango wa kutengeneza vifaa ambavyo mtaa wake unavihitaji, na walimu wa vituo vya ufundi wana kila sababu ya kuanza somo la elektroniki kwa kifaa ambacho mwanafunzi amekishika tangu utotoni.